Kabla ya kuchapisha picha ya pango, muulizeni aliyeipiga

MHARIRI,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kuhusu picha za mapangoni. Siku hizi zimekuwa nyingi: kijana kasimama kwenye mdomo wa giza, simu mkononi, na nyuma yake hakuna kinachoonekana. Zinasambaa kwenye simu, nyingine zinafika hadi magazetini, na chini yake pameandikwa jina la kijiji. Msomaji wa Mwanza akishaliona jina hilo, Jumamosi yupo huko na wenzake wawili kwenye bodaboda moja, kila mmoja na simu yenye chaji nusu. Ombi langu ni dogo: mpigaji aulizwe maswali machache kabla picha haijachapishwa. Nitayataja mwishoni, maana bila maelezo yataonekana kama ukali wa bure.

Kwanza tujue tunazungumzia mashimo gani. Miamba ya jiji letu ni graniti, na graniti haiyeyushwi na maji ya mvua kwa namna ya kutoboa njia ndefu chini ya ardhi. Mapango mengi marefu duniani yamo kwenye mawe ya chokaa. Mvua inabeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya udongoni, inakuwa asidi hafifu, na kwa maelfu ya miaka inalila jiwe polepole. Ndivyo yalivyotokea mapango ya Amboni kule Tanga na yale ya Umatumbi kule Kilwa, na ndivyo lilivyotokea pango la Veryovkina huko Abkhazia, katika milima ya Kaukazi, ambako watu wameshuka zaidi ya mita 2,200. Kwetu huku, kinachoitwa pango ni nafasi iliyobaki kati ya mawe makubwa yaliyopasuka na kuegemeana, iwe ni vilimani Mwanza, visiwani Ukerewe au Kit Mikayi karibu na Kisumu. Unaingia mita 10, pengine 30, kisha mawe yanakufungia njia. Hata Amboni, ambako watu wamesimuliana miaka mingi kwamba njia yake inatokea Mombasa, upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango lililo refu kuliko yote linafika mita 900 hivi. Hadithi hizo ni nzuri jioni, lakini zisiwekwe kwenye maelezo ya picha kama habari.

Shimo lenye kina cha kweli katika kanda yetu limechimbwa na binadamu. Nasema maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu: Geita, Misungwi, Kahama na kwingineko. Duara lililoachwa linavutia sana kwa picha na ndilo linaloua haraka kuliko pango lolote. Pango la asili limekaa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kilichokuwa cha kuanguka kilishaanguka. Duara linashikiliwa na matimba, yaani nguzo za miti, na matimba yana umri. Mti unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umekuwa unga. Mvua za vuli zinapolowesha udongo, uzito unaongezeka na kile kilichosimama kwa mazoea kinakaa chini. Januari 2024, katika mgodi wa Ng'alita mkoani Simiyu, zaidi ya watu 20 walifukiwa baada ya mvua, nao walikuwa wachimbaji waliozoea kazi, si watalii. Humo ndani kuna pia sakafu za uongo: mbao zilizotandazwa juu ya shimo jingine, zikafunikwa na udongo wa miaka, ukikanyaga unapita. Tena kuna baruti ambazo hazikulipuka, na nyaya zake bado zinaonekana kama takataka za kawaida.

Hewa ndiyo isiyoonekana kwenye picha, kwa hiyo niieleze kwa kirefu kidogo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipimo kikishuka chini ya 19.5, watu wa usalama migodini hawaruhusu mtu kuingia. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatulia chini kama maji kisimani: juu unapumua vizuri, ukiinama kufunga kamba ya kiatu unapata kizunguzungu. Wengi wanategemea kibiriti au mshumaa. Mshumaa unazimika oksijeni ikifika karibu asilimia 16, wakati akili ya mtu imeshaanza kulegea kabla ya hapo. Ubaya zaidi ni kaboni monoksaidi, ile inayotoka kwenye injini ya pampu au kwenye baruti. Haina rangi wala harufu, na mshumaa unaendelea kuwaka vizuri kabisa huku mtu anakufa pembeni yake. Karabai ndiyo isiingie kabisa. Inakula oksijeni na kutoa gesi hiyo hiyo. Kinachofaa ni kipima gesi cha gesi nne, zikiwemo oksijeni na kaboni monoksaidi, kinachoteremshwa kwa kamba kabla ya mtu, na kusomwa juu, katikati na chini.

Na mtu akianguka ndani, wa pili asishuke kumfuata. Katika mashimo yenye hewa mbaya, maiti ya pili na ya tatu huwa ni za waokoaji. Njia pekee ya kumtoa haraka ni kamba aliyokwisha kufungwa kabla hajaingia.

Kwa sababu hizo, picha ya duara lililoachwa ipigwe kutoka juu, mtu akiwa nje. Inawezekana, na inatoka nzuri kuliko ile ya kujipiga mwenyewe ndani. Chukua kamera ndogo inayorekodi video, uifunge kwenye kijiti cha urefu wa sentimita 60, na ncha mbili za kijiti uzifunge kamba mbili. Watu wawili washike kamba hizo wakiwa pande mbili za shimo. Ukitumia kamba moja kamera itazunguka kama pia na video haitatazamika. Taa ya LED ifungwe nusu mita juu ya kamera, isiwe ubavuni mwake, ili vumbi lililo mbele ya lenzi lisimulikwe. Tia alama ya utepe kwenye kamba kila mita moja, teremsha mita moja kwa sekunde nne au tano, na utajua kila fremu ilipigwa kina gani. Kingo za duara ni udongo uliomwagwa, zinabomoka. Wanaoshika kamba walale kifudifudi juu ya mbao ndefu zinazogawa uzito, nao wafungwe kwenye mti au gari lililo mbali na shimo.

Kwenye mapango ya graniti mtu anaweza kuingia, kwa utaratibu. Kila mmoja awe na taa tatu zinazojitegemea, moja ikiwa kichwani kwenye kofia ngumu. Simu haihesabiwi, kwa kuwa chaji yake inakwenda kwenye picha. Watu wasipungue wanne: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka kutafuta msaada, maana hata hao hawatakiwi kutembea peke yao gizani. Nje abaki mtu mwenye karatasi iliyoandikwa wameingia wapi, wangapi, watatoka saa ngapi, na saa ngapi aanze kupiga simu. Kila jiwe lisukumwe kwa mkono kabla ya kulikanyaga, na hakuna kupita chini ya mwenzako anayepanda. Ukiona pimbi wanaingia na kutoka, tarajia nyoka pia, kwa sababu chatu na swila wanafuata chakula. Ukisikia mvumo wa nyuki, rudi ulikotoka bila kupiga kelele wala kupunga mikono. Kati ya mawe hakuna nafasi ya kukimbia, na mtu anaweza kuumizwa na kuanguka, si na sumu peke yake.

Pakiwa na mteremko unaozidi kimo chako, hapo inatakiwa kamba na mtu aliyefundishwa kuitumia. Hapa lazima niseme juu ya kamba za mwaloni, kule wanakoshushia samaki. Kamba za rangi zinazouzwa kwa ajili ya mitumbwi na nyavu, nyingi ni za polipropilini. Zinaelea majini, na kwa mvuvi hilo ni jema. Lakini zinayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, na kifaa cha kushukia kinachopata moto kwa msuguano kinaweza kuziharibu mtu akiwa njiani. Kamba ya kushukia ni ya nailoni, isiyovutika sana, ya unene wa milimita 10 au 11, yenye gamba la kufumwa na kiini ndani. Ifungwe sehemu mbili zinazojitegemea, ili moja ikiachia nyingine ishike. Mahali inapogusa ukingo wa graniti pawekwe kipande cha zulia au mpira wa maji uliopasuliwa, kwa sababu chembe za graniti zinakata kama msasa. Na mwisho wa chini wa kamba upigwe fundo kubwa. Watu wamekufa duniani kote kwa kutelezea nje ya ncha ya kamba fupi kuliko walivyodhani, na fundo hilo linapigwa kwa sekunde kumi.

Sasa picha yenyewe. Pangoni hakuna mwanga wa kusaidia kamera. Kila unachokiona umekibeba mwenyewe. Mpiga picha wa Ufaransa aliyejulikana kwa jina la Nadar alipopiga makaburi ya chini ya ardhi ya Paris miaka ya 1860 kwa taa za umeme, fremu moja ilihitaji hadi dakika 18, akalazimika kuweka sanamu zilizovishwa nguo mahali pa watu, kwa kuwa hakuna mtu wa kusimama bila kutikisika kwa muda huo. Mwaka 1866 Charles Waldack alipiga pango la Mammoth huko Marekani kwa kuchoma magnesi, na baada ya kila picha moshi ulijaa ukumbini. Sisi tuna LED na flashi, lakini kosa linalorudiwa ni moja: flashi kukaa juu ya kamera. Hewa ya ndani ina matone na vumbi. Mwanga ukitoka pale pale ilipo lenzi unarudi moja kwa moja, na picha inajaa madoa meupe ambayo baadaye watu wanayaita mizimu. Zaidi ya hapo, jiwe linakuwa bapa, halina kivuli, halina kina.

Toa flashi kwenye kamera. Mpe mwenzako aishike mita tatu hadi tano kando, au nyuma ya mtu anayepigwa, ikielekea ukuta. Nguvu ya flashi huandikwa kwa namba, kwa mfano 40 katika ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga). Gawanya namba hiyo kwa f uliyoweka, yaani namba ya uwazi wa lenzi: kwa f/8 flashi hiyo inafika mita 5. Ukipandisha ISO hadi 400 inafika mita 10. Ukumbuke kwamba umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo ukumbi wa mita 20 haumalizwi kwa flashi moja, hata ukiomba.

Kwa ukumbi mkubwa tumia muda. Kamera iwe kwenye tripodi, ISO 400, f/8, lenzi pana ya milimita 16 hadi 24, shata (mlango wa mwanga wa kamera) wazi sekunde 30. Fokasi ipatikane kwanza kwa kumulika kofia ya mtu aliye katikati, kisha izimwe isijitafutie yenyewe gizani. Taa zote zizimwe. Mwenye tochi aanze kupaka kuta kwa mwanga kama anayepaka chokaa, bila kusimama mahali pamoja, bila kuelekeza tochi kwenye lenzi hata mara moja, mwili wake ukiwa umejificha nyuma ya jiwe. Zile taa za LED za wavuvi wa dagaa, zinazotumia betri ya volti 12, zinafaa mno kwa kazi hii kwa sababu mwanga wake ni mpana na hauna duara kali katikati. Mtu aliye ndani ya picha apigwe flashi mara moja tu. Hata akiyumba baadaye, gizani hataonekana. Lazima awepo, na avae nyekundu au njano. Pango bila mtu halina ukubwa. Msomaji hawezi kujua kama anatazama ukumbi au tundu la kuku.

Mwenye simu naye asikate tamaa. Aiegemeze kwenye jiwe, aweke saa ya kuhesabu sekunde 10 asiitikise kwa kidole, abonyeze na kushikilia kioo mpaka fokasi ijifunge, azime flashi ya simu, na mwenzake ashike taa kando. Hiyo peke yake inabadilisha picha kabisa.

Lenzi ikifanya ukungu, sababu ni kwamba ina baridi kuliko hewa ya ndani, kwa kawaida kwa kuwa imetoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Iache ndani ya mfuko uliofungwa, pale mlangoni, dakika 20 hadi 30. Ukungu mwingine ni wa pumzi na jasho letu. Kikundi kitulie kwanza, na wote wazuie pumzi wakati wa flashi. Vifaa vibebwe kwenye ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, ndani imewekwa vipande vya godoro na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mtu mmoja apewe kazi ya kuwa na mikono misafi. Yeye ndiye anayegusa kamera, wengine wanagusa mawe.

Mhariri, hadi hapa nimesema juu ya madhara yanayompata aliyeingia. Popo ni jambo la wote. Popo wa matunda anayelala mapangoni, mwenye macho makubwa yanayong'aa rangi ya chungwa kwenye tochi na sauti ya kubofya ulimi, ndiye anayebeba virusi vya Marburg, homa kali inayofanana na Ebola. Mkoa jirani wa Kagera ulipata mlipuko Machi 2023, watu 9 wakaugua na 6 wakafa, na mwingine wilayani Biharamulo Januari 2025, ambapo wote 10 walioorodheshwa walifariki. Sisemi milipuko hiyo ilitokana na picha. Ila nchini Uganda, mwaka 2007, waliougua walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka wenye popo wengi, na mwaka uliofuata mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea pango lenye popo katika msitu wa Maramagambo. Katika Mlima Elgon upande wa Kenya, wageni waliotembelea pango la Kitum waliugua mwaka 1980 na 1987.

Kwa hiyo pango lenye popo wengi haliingiwi kwa ajili ya picha, hata kwa barakoa. Hao popo wapigwe picha jioni wanapotoka, wewe ukiwa mbali na nje ya njia yao, bila flashi, anga likiwa nyuma yao, shata 1/250 na ISO ya juu. Flashi ndani ya pango inawatawanya, na mama mwenye mtoto kifuani anaweza kumwangusha. Aliyekwisha kuingia asubiri siku 21 akijiangalia. Homa ikimjia, amwambie daktari mara moja, bila kuona haya, kwamba alikuwa pangoni na lini. Wala wanakijiji wasishawishiwe kuchoma au kuziba mapango. Kitaka walijaribu kuwamaliza popo. Wengine wakarudi, na walipopimwa tena mwaka 2012 sehemu ya popo walioambukizwa ilikuwa imepanda kutoka asilimia 5 hivi hadi 13.

Kuhusu michoro ya kale, kama ile ya Bwanjai mkoani Kagera au ya kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya, niseme kwa ufupi: usiilowanishe maji ili ing'ae. Maji yanaacha chumvi juu ya rangi na kuibandua. Mulika kwa pembeni, kwa mbali, na isiguswe. Pango lenye vyungu, vitambaa au majivu ya matambiko lina wenyewe. Wazee wa hapo waombwe ruhusa, na wakikataa, kamera irudi kwenye ndoo.

Sasa maswali. Mpigaji aulizwe: shimo ni la asili au ni duara, na kama ni duara, aliyeko kwenye picha alikuwa ndani au nje? Hewa ilipimwa kwa kifaa gani? Waliingia wangapi, na nani alibaki nje? Kulikuwa na popo? Nani alitoa ruhusa? Na akiandika urefu au kina, aliupima vipi? Hatua za miguu si kipimo, na hata dira hudanganya maeneo ya Geita kwa sababu mawe yenye dhahabu huko yana chuma cha sumaku ndani yake. Asiye na majibu arudishiwe picha yake, hata ikiwa nzuri kuliko zote zilizoletwa wiki hiyo. Mwenye majibu picha yake itoke, ila chini yake iandikwe wilaya tu, jina la kijiji liachwe.

Mpiga picha za miamba na mapango,
Isamilo, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)